Chaki ya Khulud

"Nilisema nataka mapana! Mapana, bwana! Nyie mkanifungia haya membamba kama ya baiskeli ya padri!"

"Braza Adelard, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Jumatatu nilikusikiliza, haya ndiyo matunda yake!"

Kelele hizo Khulud alizisikia akiwa bado nje, anaruka mtaro na begi lake la shule mgongoni. Kila siku akitoka shule hupitia kwanza kwenye karakana ya baba yake pale Chang'ombe. Anamwamkia, anakunywa maji, anapewa kazi mbili tatu, halafu baada ya alasiri wanarudi nyumbani pamoja. Ni karakana ya matairi, na siku zote mlio wa mashine ya upepo ndio humpokea getini. Leo mashine ilikuwa imezimwa. Waliowaka walikuwa watu.

Akaingia taratibu. Katikati ya uwanja lilisimama gari la timu ya chanjo, lile hardtop jeupe lenye mkonga wa kuvutia hewa kwa juu. Lilikuwa limepakaa tope mpaka kwenye vioo. Dereva wake, Adelard, mtu mrefu kama mlingoti, mkono mmoja kiunoni, mwingine unakatakata hewa. Mbele yake alisimama fundi Didas na ovaroli lake la bluu, jasho linamtiririka. Baba yake Khulud, Mzee Masoud, alikuwa kati yao, anamtazama huyu, anamtazama yule, kama mtu anayesubiri kuvuka barabara ya Mandela.

Na watu walishajaa. Wachomeleaji wa jirani wameacha kuchomelea. Bi Mwanaasha, muuza maandazi wa ng'ambo ya mtaro, amekuja na mwiko wake mkononi, mafuta yanadondoka. Ugomvi wa bure, nani ataukosa?

"Tueleze, Bwana Adelard," Mzee Masoud alisema. "Gari limefanya nini?"

"Limefanya nini? Jana usiku mvua, leo mchana nikasema nikalijaribu Chamazi kwenye tope kabla ya safari. Nikaweka gia ya four-wheel, magurudumu yote manne yasukume. Sawa, likatoka kwenye tope. Nafika kwenye barabara ngumu, natoa gia, haitoki! Imeganda! Nimevuta mpaka bega likalia. Nimekuja nalo hivyohivyo kutoka Chamazi, linanguruma, linanuka mafuta ya moto, na usukani unavuta kulia kama ng'ombe mkaidi. Kabla ya matairi yenu gari hili lilikuwaga zima. Sasa kosa la nani?"

"Saizi haina kosa, bosi," Didas akasema. "Saba hamsini ndiyo saizi ya gari hili, na ndiyo saizi ya njia yake. Huko bondeni Rufiji..."

"Usinifundishe Rufiji! Mie naenda huko miaka sita!" Adelard akamgeukia Mzee Masoud. "Mzee wangu, kesho saa kumi na moja alfajiri nabeba manesi wawili na maboksi ya chanjo yenye barafu. Kuna watoto wanasubiri kule. Ofisi yetu ina magari saba, yote yanakuja hapa kwako. Ama unafunga matairi mapana sasa hivi, ama hayo saba uyaage."

Mwiko wa Bi Mwanaasha ukadondosha tone.

Mzee Masoud akapumua. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuona haya, na haya ya mbele za watu ilimuunguza kuliko jua.

"Didas," akasema bila kumtazama, "nilikwambia mteja akitaka mapana mpe mapana. Hukusikia. Nenda kakusanye vitu vyako."

"Bosi..."

"Kakusanye vitu vyako, kijana. Nimeshasema."

Wachomeleaji wakatazamana. Didas akasimama kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi asijue limetoka wapi. Alikuwa na miaka minne pale. Mdogo wake wa kike yupo kidato cha pili, na anayemsomesha ni yeye peke yake. Akafuta mikono kwenye ovaroli, akaenda nyuma ya stoo.

Khulud aliposikia gari linavuta kulia, na gia inakataa kutoka, kuna kitu kilimchoma. Akaikumbuka Jumamosi.

Jumamosi lilikuja lori la matairi ya mtumba kutoka bandarini. Matairi hayo husafirishwa mawili mawili, moja limekandamizwa ndani ya lingine ili kubana nafasi. Pale karakana lile la nje wanaliita mama, la ndani wanaliita mtoto. Kazi ya Khulud, kwa kuwa macho ya baba yake yameanza kuzeeka, ni kusoma namba za ubavuni na kuziandika kwa chaki kubwa juu ya kashata, zile zinazokanyaga barabara, ili fundi azione kwa mbali. Didas ndiye aliyemfundisha, na sheria yake ilikuwa moja: mtoto atolewe kwanza, ageuzwe, asomwe, ndipo aandikwe. Usimwandike mtoto akiwa bado tumboni.

Lakini Jumamosi hiyo binamu yake Afrah alikuwa getini anampigia miluzi. Kulikuwa na harusi Kipawa, na mpakaji wa hina alikuwa anaondoka saa kumi. Yalibaki matairi machache tu. Khulud akasoma mama, saba hamsini. Didas alipowatenganisha, yeye akaandika namba ileile kwa mama na kwa mtoto, chapuchapu, bila kuinama. Kwani si mara nyingi huwa saizi moja? Akatupa chaki, akakimbia.

Sasa hina yenyewe bado ilikuwa kwenye vidole vyake.

Watu wazima walikuwa wanabishana habari ya matairi mapana yako wapi. Khulud akazunguka gari, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kulia. Ubavu wote tope. Akalifuta kwa kiganja. Likatoka kidogo, likaacha ukungu wa kahawia. Akapitisha kidole kwenye maandishi yaliyoinuka, kama anavyofanyaga umeme ukikatika.

Saba. Nukta. Sifuri.

Akarudia. Saba, nukta, sifuri, sifuri.

Akaenda gurudumu la mbele kushoto. Saba, nukta, tano, sifuri. La nyuma, saba hamsini. La nyuma lingine, saba hamsini. Matatu ni ndugu, moja ni la watu wengine, dogo kuliko wenzake, na chaki iliyolipitisha ilikuwa yake.

Khulud alijua kabisa kwamba akinyamaza hakuna atakayejua. Baba yake atafungua yote manne, atafunga mapana, yale ya zamani yatatupwa kwenye rundo, basi, imekwisha. Yeye atabaki Khulud msomaji hodari. Na Didas atabaki Didas aliyefukuzwa.

Akaenda nyuma ya stoo. Didas alikuwa bombani, anasugua mikono kwa sabuni ya unga. Begi lake dogo lilikuwa wazi pembeni, ndani sahani moja, shati moja na chaja ya simu.

"Kaka Didas, shikamoo."

"Marahaba, mkaguzi." Ndivyo alivyomwita siku zote, na hata leo hakuacha. "Mbona umejaa tope?"

"Lile la mbele kulia ni mia saba."

Mikono ya Didas ikasimama. Maji yakaendelea kutiririka.

"Umesoma mwenyewe?"

"Kwa kidole. Mara mbili. Jumamosi niliandika bila kuangalia. Lilikuwa mtoto."

Didas akafunga bomba. Akatikisa kichwa taratibu. "Na mie nililifunga. Matatu niliyasoma, la nne nikaona chaki yako, nikasema ah, Khulud hakoseagi. Sikuinama."

"Nenda kamwambie baba, kaka."

"Nikamwambie nini? Kwamba mtoto wake ndiye aliyeandika?" Didas akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mie nimeshaambiwa niondoke. Mtu anayefukuzwa akiongea nani anamwamini? Watasema hao, fundi anamsukumia mtoto wa bosi kesi. Hapana, dogo. Maneno hayo yakitoka kwangu yataoza yakiwa mdomoni."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Sijui. Mie nakunja ovaroli langu."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alivua ovaroli, akalikunja vizuri kama linaenda dukani, akaliweka juu ya shati. Khulud akaliangalia lile begi linavyojaa na akaona hawezi kusubiri lifungwe zipu.

Akarudi uwanjani mbio. Baba yake alishaanza kulisukuma tairi la kwanza pana, kubwa jeusi, linang'aa.

"Baba, usiyafunge hayo!"

"Khulud, nenda ofisini ukale."

"Baba, nakuomba."

"Haya!" Adelard akarusha mikono juu. "Na huyu naye ni fundi? Karakana gani hii, kila mtu ananifundisha!"

"Mwacheni mtoto aseme!" Bi Mwanaasha akapaza sauti. "Hakuja kuuza karanga."

Macho yote yalikuwa kwa Khulud. Alitamani aongee na baba yake pembeni, lakini akajua akienda pembeni maneno yatapungua uzito.

"Shikamoo anko Adelard. Tairi la mbele kulia siyo saba hamsini. Ni mia saba. Mie ndiye niliyeandika chaki. Kaka Didas aliniamini. Sikulisoma, niliandika kwa kukisia, nilikuwa na haraka ya kwenda kupakwa hina."

"Rudia," Mzee Masoud akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu. Kusema mara ya kwanza unajitupa tu, kama mtu anayeruka mtaro. Mara ya pili unaona urefu wa mtaro. Khulud akarudia yote, polepole, mpaka kwenye hina.

Mzee Masoud akaliacha lile tairi pana, likajiendea lenyewe mpaka likagonga ukuta. Akapiga magoti kwenye tope na kanzu yake, yeye ambaye kanzu huikunja hata akikaa kwenye kiti. Akapitisha kidole ubavuni. Akaenda kwa lingine, akapitisha. Akasimama na madoa mawili ya duara magotini, akaita bila kugeuka:

"Didas! Njoo na jeki."

Didas akaja, shati la nyumbani mwilini, hana ovaroli, jeki mkononi.

"Sasa hiyo mia saba na saba hamsini si tofauti ya kucha tu?" Adelard akasema, ila sauti ilishashuka ngazi mbili. "Ndiyo igandishe gia?"

"Ngoja nikuoneshe, braza. Kwanza tulifungue lipumue." Didas akaingiza jeki, akapiga mpini. Gari likainuka upande wa kulia. Tairi lilipoachana tu na ardhi, kitu ndani ya gari kikasema *tak!* na gurudumu likazunguka lenyewe kidogo hewani, kama mtu aliyekuwa amefinywa mkono akaachiwa. "Ingia ndani. Jaribu gia sasa."

Adelard akaingia. Akaishika gia kwa mikono miwili, akajiandaa kuvuta kwa bega lake lote. Gia ikatoka kwa urahisi mpaka yeye mwenyewe akaangukia kwenye kiti cha abiria.

Wachomeleaji wakaangua kicheko. Bi Mwanaasha akapiga kigelegele kifupi, bila sababu maalumu.

Didas akalegeza nati chini ya gari, akakinga mafuta kidogo ya gia kiganjani, akayasugua kwa vidole viwili na kuyainua juani. Khulud alijua anatafuta nini. Kukiwa na vumbi la chuma linalometameta, basi meno ya gia yameanza kulika, na hapo gari haliendi Rufiji wala popote.

Didas alisugua muda mrefu. Halafu akatabasamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Masafi. Yamepata moto tu, meno hayajaumia."

"Alhamdulillahi," Mzee Masoud akasema, na mabega yake yakashuka.

Wakafungua magurudumu mawili ya mbele, wakayasimamisha sambamba kwenye sakafu ya saruji. Didas akachora mstari chini, na alama moja kwenye kila tairi pale lilipogusa mstari. "Sukumeni mzunguko mmoja. Alama ikirudi chini, simama." Adelard akasukuma la saba hamsini, Khulud lile la mia saba. Alama ziliporudi chini, tairi la Adelard lilikuwa limeenda mbele zaidi. Khulud akaweka kiganja chake katikati. Kilienea chote, tope na hina.

"Kiganja," Didas akasema. "Hapo ni mzunguko mmoja. Sasa hesabu kutoka Chamazi mpaka hapa, ni maelfu. Ukiweka gia ya four-wheel umewafunga wote wanne kamba moja, watembee sawa. Mmoja ana miguu mifupi, anakimbia wenzake wanatembea. Kwenye tope anateleza, hujui. Kwenye barabara ngumu hana pa kuteleza, kamba inakaza mpaka gia inaganda. Gari la kupita porini unaweza kukosea vingine, lakini manne lazima yawe sawa."

Adelard akakuna kidevu. "Haya, hilo nimekubali. Lakini mapana je? Si ndiyo yana nguvu?"

"Yana nguvu kwenye mchanga. Yanaelea juu kama sinia. Ungekuwa unatembea ufukweni Mbweni mwaka mzima ningekufungia leo hii. Lakini wewe unaenda bondeni. Udongo mweusi, juu laini, chini mgumu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sinia litaelea juu ya ulaini, litazunguka palepale. Jembamba refu linakata kama kisu, linafika kwenye ugumu, linakanyaga. Na rimu zako ni nyembamba, ukizivalisha tairi pana ni kama mtu mzima kuvaa viatu vya mtoto, linakaa vibaya. Halafu ukikata kona yote linasugua bodi. Namba zipo pale mlangoni kwa dereva, kuna karatasi iliyobandikwa na waliolitengeneza. Imeandikwa Kijapani, lakini namba ni namba."

Adelard akaenda, akafungua mlango, akainama.

"Miaka sita naendesha," akasema akiwa bado ameinama, "nilidhani hii ni dua ya Wajapani."

Hapo hata Mzee Masoud alicheka.

Stoo ilibaki na saba hamsini chache. Khulud alitumwa kuchagua, na safari hii alilitoa moja, akaligeuza, akaliegemeza kwenye mwanga, akasoma kwa sauti. Akageuza upande wa pili, akasoma tena. Adelard naye akasoma. Bi Mwanaasha akasoma, eti na yeye ahakikishe, ingawa alishika mwiko na si miwani. Didas akalisoma la mwisho, akaangalia kama kashata zake zimelika sawa na za wenzake, akalifunga, akapima upepo wa yote manne.

Adelard akalizungusha gari barabara ya viwandani, akaenda mpaka kwenye kona, akarudi. Alirudi ameachia usukani, mikono yote miwili nje ya dirisha.

"Limenyooka kama rula! Haligeuki hata ukililaani!"

"Shika usukani wewe, utatuulia watoto!" Bi Mwanaasha akamfokea.

Akashuka, akamwendea Didas, akampa mkono. "Membamba yabaki, fundi. Nilikufokea sana."

"Yameisha, braza."

Halafu akamgeukia Khulud, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wake. "Na wewe dogo. Ungenyamaza, ningefungiwa mapana, kesho saa sita mchana niko katikati ya tope, barafu inayeyuka kwenye maboksi, watoto wamepangwa mstari wananisubiri. Na ningekuwa namlaani Didas wa watu. Nakushukuru."

Khulud akasema, "Safari njema, anko." Adelard akapanda, akapiga honi mara mbili, gari likaondoka. Watu wakaanza kutawanyika, kila mtu na kazi yake, na cheche za wachomeleaji zikaanza tena kuruka.

"Khulud," baba yake akaita. "Ofisini."

Ofisi yenyewe ni kachumba ka mbao, meza moja, viti viwili, dirisha linaloangalia uwanja. Khulud akasimama. Mzee Masoud akakaa, akapangusa magoti ya kanzu yake, akaona hayatoki, akaacha.

Kupitia dirishani, Khulud alimwona Didas. Alirudisha jeki mahali pake. Akakunja mpira wa upepo, akautundika. Halafu akaenda nyuma ya stoo, akatoka na lile begi lake dogo, akalisimamisha kwenye benchi na kuanza kuvuta zipu. Hakuna aliyemwambia abaki.

"Baba, kaka Didas anaondoka."

"Namwona. Nisikilize kwanza wewe." Mzee Masoud alikuwa anaongea polepole, na hakuwa na hasira, jambo lililomshangaza Khulud. "Unajua kwa nini Didas hakulisoma lile tairi?"

"Aliona chaki yangu."

"Alikuamini. Mtu akikuamini haangalii tena nyuma yako. Ndiyo maana anayeaminiwa anatakiwa aangalie mara mbili, moja yake na moja ya yule aliyemwamini. Ukifanya kazi kwa haraka ukaiandika kwa herufi kubwa, watu wataisoma tu. Haijawa kweli kwa sababu ni kubwa."

"Nimeelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu ulipokuwa unarudia. Nilikuambia urudie makusudi, nione kama utapunguza kitu. Hukupunguza hata hina." Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Na jambo lingine. Kosa ukilijua ukalinyamazia, halikai kwako. Linahama, linaenda kukaa kwenye mgongo wa mtu mwingine. Leo lilikuwa limeshafika kwenye begi la Didas. Wewe umeenda kulitoa. Watu wazima wengi hawawezi."

Khulud akashindwa kujizuia. Machozi yakatoka, lakini yalikuwa mepesi, yale ya mtu aliyetua ndoo.

Mzee Masoud akatazama dirishani. Didas alikuwa ameshalifunga begi. Anaagana na mchomeleaji mmoja, mkono begani.

"Sasa na mie nina la kwangu," baba akasema. "Wewe uliandika bila kuinama. Mie nimemfukuza mtu bila kuinama. Tairi lilikuwa palepale, hatua mbili, namba ziko ubavuni, ningesoma hata kwa kidole. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaona aibu, nikamtupia yeye. Kosa langu ni kubwa kuliko lako, maana wewe una miaka kumi na miwili."

"Basi mwite humu ndani umwambie, baba. Nitatoka nje."

Mzee Masoud akatikisa kichwa.

"Humu ndani? Hapana, mwanangu. Nilimvunjia heshima mbele ya mtaa mzima. Nikimwomba radhi humu kachumbani tukiwa wawili, mtaa utabaki na lile la kwanza. Ulipomvunjia mtu heshima ndipo pa kumrudishia."

Akasimama. Akafungua mlango, kelele za uwanja zikaingia zote pamoja, nyundo, cheche, redio ya mtu.

"Bi Mwanaasha!" akaita kwa sauti ambayo Khulud hakuwahi kuisikia ikiwa kubwa namna ile. "Hebu rudi hapa! Na nyie wachomeleaji, zimeni hizo mashine, sogeeni wote! Didas, weka begi chini, usiende popote!"

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika, Khulud akabaki dirishani anatazama.